Mkurugenzi wa Shirika la Umma ni Wakili wa Nani?

(Haya ni maandishi ya hotuba iliyotolewa na wakili wa Mahakama Kuu mbele ya mkutano wa elimu ya uraia wa waumini wa makanisa na wanaharakati.)



Nimeombwa nizungumze juu ya matatizo ya uongozi katika mashirika ya umma. Yawezekana baadhi yenu mmeitazama mada hii katika ratiba mkaiona ni habari ya wataalamu wa hesabu. Naomba mfikirie tena. Taa zilizomo katika ukumbi huu, mahindi ya mkulima anayengoja kuyauza kwa Halmashauri ya Nafaka, dawa inayotakiwa kufika zahanati ya kata, makontena yanayoteremshwa bandarini Mombasa, na akiba ya uzeeni inayokatwa kwenye mshahara wa kila mfanyakazi: yote haya yamo mikononi mwa mashirika yaliyoundwa kwa sheria na kuendeshwa kwa mali yetu. Shirika la namna hiyo likianguka, mkurugenzi wake huhamia nyumba nyingine. Anayelala gizani ni mwananchi.

Kazini mimi huitwa wakili. Katika Biblia yetu ya Kiswahili jina hilo lina maana pana kuliko mtu wa kusimama mahakamani. Wakili ni msimamizi wa mali isiyokuwa yake, na katika Injili ya Luka, sura ya 16, tunasoma juu ya wakili aliyeitwa na tajiri wake atoe hesabu ya usimamizi wake. Kutokana na kisa hicho nina swali moja. Mkurugenzi wa shirika la umma ni wakili wa nani? Ni nani hasa mwenye uwezo wa kumwita na kumwambia alete hesabu?

Jibu langu, ambalo nitajaribu kulithibitisha, ni kwamba kiongozi wa shirika humtumikia yule awezaye kumpa kiti na kumnyang'anya. Katika nchi yetu uwezo huo ulikaa kwa miongo mingi mikononi mwa mtu mmoja, na humo ndimo yalimochipuka mengi ya maradhi tunayoyalalamikia.

MALI HII ILITOKA WAPI

Mashirika haya hayakuanza na Uhuru. Serikali ya kikoloni iliunda bodi na tume za kuwalinda wakulima walowezi na soko lao. Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1950. Baada ya Uhuru Serikali yetu iliyarithi mashirika hayo, ikayapa kazi mpya na kuongeza mengine. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika, uliitazama Serikali kuwa chombo cha kumwezesha Mwafrika kushiriki katika uchumi ambao alikuwa amefungiwa nje yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ilijikuta ikihitaji shirika lake la ndege, la reli, la bandari, na la posta na simu. Hivyo idadi iliendelea kukua.

Sipuuzi nia hiyo. Mfugaji wa Garissa au Kajiado hakuwa na mtaji wa kujenga kichinjio cha kuuza nyama ng'ambo. Mkulima mdogo wa Kericho au Murang'a hakuwa na uwezo wa kujenga kiwanda cha chai. Ilibidi umma ufanye kwa pamoja jambo ambalo mtu mmoja mmoja asingeliweza.

Dalili za ugonjwa zilionekana mapema. Mwaka 1982 kamati iliyoongozwa na Bwana Philip Ndegwa, iliyochunguza matumizi ya Serikali, ilionya kwamba mashirika ya umma yalikuwa yakimeza fedha nyingi na kurudisha kidogo. Lakini angalieni jambo jingine lililotokea mwaka huo huo. Mnamo Juni 1982 Bunge liliingiza kifungu cha 2A katika Katiba, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Wakati uleule tulipoambiwa kwamba mali yetu yapotea, tulinyang'anywa njia ya kuwauliza walioipoteza.

KALAMU MOJA

Miaka minne baadaye ilipitishwa Sheria ya Mashirika ya Serikali ya mwaka 1986, Sura ya 446. Naomba mnivumilie nikiieleza, kwa sababu siri ya jambo zima imo humo.

Chini ya sheria hiyo, mwenyekiti wa bodi aliteuliwa na Rais. Katibu wa wizara inayohusika na katibu wa Hazina waliingia kwenye bodi kwa vyeo vyao. Wajumbe wengine, wasiozidi saba, waliteuliwa na Waziri, ambaye naye aliteuliwa na Rais. Kisha kifungu cha 7 kikampa Rais uwezo wa kuiamuru bodi, kwa jambo la jumla au jambo mahususi, nayo bodi ilipaswa kutii. Kifungu hicho hicho kilimruhusu amwondoe mjumbe yeyote akiona kwamba bodi haitimizi kazi yake kwa masilahi ya taifa, na amweke mwingine badala yake.

Jiulizeni, katika mpangilio huo mwananchi yuko wapi? Mkulima hakutajwa. Msafiri hakutajwa. Mfanyakazi aliyekatwa akiba yake hakutajwa. Bunge lilikuwa na kamati yake ya kuchunguza mashirika, na Mkaguzi wa Hesabu aliandika ripoti zake, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kumwondoa mkurugenzi. Aliyeweza ni mmoja, na kalamu ilikuwa yake.

Wazee waliomo humu wanaikumbuka taarifa ya habari ya saa saba mchana katika redio ya taifa. Mkurugenzi angeweza kwenda kula chakula cha mchana akiwa na cheo, akarudi hana. Mtu aliyepewa kiti namna hiyo, ambaye yaweza kutwaliwa namna hiyo, ataelekeza macho wapi? Hataangalia ghala wala karakana. Atasikiliza redio. Atahakikisha kwamba aliyempa hajakasirika, na pia rafiki wa aliyempa, na jamaa wa rafiki huyo. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Chombo chetu kilikuwa na usukani, ila aliyeushika hakuwa ndani ya chombo.

MATUNDA YAKE

Tunda la kwanza ni amri isiyo na hesabu. Mwaka 1986 ilitolewa rai kwamba Kenya iunde gari lake yenyewe, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikapewa kazi hiyo. Wahandisi wetu walijitahidi, na mwaka 1990 magari machache ya mfano, yaliyoitwa Nyayo Pioneer, yalionyeshwa kwa umma. Hakuna kiwanda kilichofuata na hakuna gari lililouzwa. Katika miaka hiyo hiyo shirika la mabasi ya Nyayo lilianza kwa mabasi yaliyotolewa kwa msaada wa nchi za kigeni, wananchi wakayafurahia kwa sababu nauli ilikuwa nafuu, lakini kufikia katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limekufa. Sisemi kwamba wazo la gari au la basi lilikuwa baya. Nasema kwamba bodi yenye uhuru ingaliuliza: mtaji watoka wapi, vipuri vitanunuliwa kwa fedha gani, soko li wapi? Bodi inayotii kwa sheria haiulizi maswali kama hayo.

Tunda la pili ni shirika kugeuzwa shamba la bibi. Tume ya Bwana Paul Ndung'u, iliyowasilisha ripoti yake mwaka 2004 juu ya ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilieleza jinsi mashirika yalivyoshurutishwa kununua viwanja vilivyogawiwa isivyo halali. Njia ilikuwa nyepesi. Mtu mwenye jina aligawiwa ardhi ya umma kwa bei ya bure, kisha akaliuzia shirika la umma kwa bei kubwa. Umma uliuziwa mali yake wenyewe. Miongoni mwa wanunuzi ilikuwa Hazina ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, yaani fedha za mlinzi wa usiku, mpishi wa shule na mwashi. Mkurugenzi aliyeletewa barua ya ununuzi kama huo alikuwa na njia mbili: atie sahihi, au angoje saa saba mchana.

Tunda la tatu ni kifo cha kimyakimya. KMC ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hapakuwa na vita wala tetemeko. Malipo kwa wafugaji yalichelewa, madeni yakapanda, mitambo ikachakaa, mpaka milango ikafungwa. Ilifunguliwa tena mwaka 2006, na mwaka 2020 ikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Katika muda wote iliokuwa imefungwa, ukame uliposhika, mfugaji aliyetaka kuuza ng'ombe wake kabla hawajafa alikosa mnunuzi huyo wa umma aliyekuwa ameundwa kwa ajili hiyo. Basi mtu akikwambia kwamba uongozi wa mashirika ni jambo la Nairobi, mpeleke kwa mfugaji huyo amwambie yeye.

Tunda la nne halionekani katika ripoti, nalo ndilo linaloniumiza zaidi katika kazi yangu. Ni hali ya mfanyakazi mdogo mwaminifu. Aliwahi kunijia mtu aliyekuwa mtunza ghala katika shirika ambalo sitalitaja. Aliamriwa atie sahihi kwamba amepokea bidhaa ambazo hakuziona kwa macho yake. Aliniuliza, "Bwana wakili, nikikataa nitafukuzwa, nikitia sahihi nitafungwa. Sasa nifanyeje, na watoto wako shuleni?" Nilimshauri aandike kwa maandishi kwamba hajaziona, aiweke nakala, asitie sahihi. Alifanya hivyo. Hakufukuzwa. Alihamishiwa kituo cha mbali, akanyimwa nyumba, na baada ya miezi michache aliacha kazi mwenyewe. Yule aliyemwamuru alibaki.

Wengi mnalijua jina la marehemu David Munyakei. Benki Kuu si shirika la biashara, lakini ni mali ya umma, na yeye alikuwa karani tu humo. Alipoona malipo ya Goldenberg hayaendi kwa haki, aliwafikishia wabunge wa upinzani karatasi zake. Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa, akapoteza kazi. Mashtaka hayakusimama, lakini kazi yake hakuirudia, na alifariki mwaka 2006. Wapo wanaouliza vyama vingi vilituletea nini. Nawajibu kwamba kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992, karani huyo asingepata ndani ya Bunge mbunge wa chama pinzani wa kumkabidhi karatasi zile.

JE, DAWA NI KUUZA?

Kuna watu wenye nia njema wasemao: basi na yauzwe mashirika yote, kwa kuwa mfanyabiashara hulinda mali yake. Hoja hii ina ukweli fulani, na tuipime kwa mizani ya haki.

Kenya Airways ilizaliwa mwaka 1977 na kwa miaka mingi ililemewa na hasara. Mwaka 1991 Serikali iliteua bodi chini ya uenyekiti wa Bwana Philip Ndegwa, yule yule wa ripoti ya mwaka 1982, na ikapewa agizo la wazi: iliandae shirika kwa ubinafsishaji. Safari hii bodi iliachwa ifanye kazi. Meneja walichaguliwa kwa ujuzi, hesabu zikanyoshwa, na katika mwaka wa fedha wa 1993/94 shirika lilipata faida. Mwaka 1996 kampuni ya KLM ilinunua asilimia 26 ya hisa, na nyingine zikauzwa kwa umma. Angalieni mpangilio wa miaka. Faida ilitangulia, uuzaji ukafuata. Lililoanza kuiponya Kenya Airways ni bodi iliyokuwa na kazi inayojulikana na isiyoingiliwa kila siku, ilhali shirika lilikuwa bado mali ya Serikali.

Sasa angalieni upande wa pili. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015, Kenya Airways hiyo hiyo, ikiwa kampuni ya wanahisa, ilitangaza hasara ya shilingi bilioni 25.7, na mwaka uliofuata bilioni 26.2. Ndege kubwa zilikuwa zimenunuliwa kwa mikopo mizito, na abiria hawakutosha kuilipa. Mwaka 2017 Serikali iligeuza mikopo yake kuwa hisa, ikawa na asilimia 48.9, na mlipa kodi akarudi pale pale. Mumias nayo hisa zake zilianza kuuzwa kwa umma mwaka 2001. Mwaka 2019 iliwekwa chini ya meneja mrasimu kwa sababu ya madeni, huku wakulima wa miwa wakidai malipo yao.

Kwa hiyo kuuza peke yake si tiba. Kiongozi asiyetoa hesabu ataliangusha shirika la Serikali, na ataliangusha la wenye hisa. Tena uuzaji wenyewe, ukifanywa gizani, waweza kuwa wizi wa mwisho na mkubwa kuliko yote. Mahakama Kuu, mwaka 2024, iliibatilisha Sheria ya Ubinafsishaji ya mwaka 2023 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwenye mali lazima aulizwe kabla mali yake haijauzwa.

MIZANI YA MKULIMA WA CHAI

Iwapo kuna shirika ambalo lafaa kutufundisha, ni lile la chai, KTDA, lililoundwa mwaka 1964. Kwa miongo kadhaa lilisifiwa katika Afrika nzima. Lilichukua zao lililokuwa la makampuni makubwa ya kigeni, likawakabidhi wakulima wadogo, na chai yao ikapata sifa sokoni London na Mombasa.

Sababu zilikuwa kadhaa, lakini moja yatuhusu leo. Mkulima alifika kwenye kituo cha kununulia, majani yakapimwa mbele yake, akapewa risiti ya kilo. Kila mwezi alilipwa kwa kilo hizo, na mwishoni mwa mwaka akapata malipo ya pili kulingana na bei iliyopatikana sokoni. Tena wakulima walikuwa na kamati zao walizozichagua wenyewe. Hivyo mama wa Nyeri asiyejua kusoma aliweza kujua kama shirika limeendeshwa vyema au vibaya, kwa kulinganisha risiti zake na malipo yake. Hesabu ilifika mpaka mkononi mwa mwenyewe.

Siwaambii kwamba KTDA ilikuwa ya malaika. Mwaka 2000 ilifanywa kampuni ya wakulima, na manung'uniko juu ya malipo na juu ya wakurugenzi yaliendelea hata baadaye. Lakini manung'uniko yenyewe ni ushahidi wa hoja yangu. Mkulima wa chai hulalamika kwa sababu anajua alistahili kiasi gani. Mchangiaji wa NSSF wa mwaka 1994 hakulalamika, kwa kuwa hakuwa na mizani wala risiti ya kumwonyesha kwamba fedha zake zimenunua kiwanja cha wizi.

KATIBA ILIBADILISHA NINI

Katiba ya mwaka 2010 imetupa mizani hiyo. Ibara ya 73 yasema kwamba mamlaka ya afisa wa Serikali ni amana ya umma, na kwamba viongozi wachaguliwe kwa uadilifu na uwezo wao. Sheria ya Uongozi na Maadili ya mwaka 2012 ikayapeleka masharti hayo kwa maafisa wa umma kwa jumla. Ibara ya 232 yataka ushindani wa haki na ustahili katika uteuzi, na imetaja waziwazi kwamba kanuni hizo zayahusu mashirika ya Serikali. Ibara ya 229 yamtaka Mkaguzi Mkuu akague hesabu katika miezi sita baada ya mwaka wa fedha, na Bunge liijadili ripoti yake katika miezi mitatu na kuchukua hatua. Na ibara ya 226 yasema kwamba afisa aliyeidhinisha matumizi ya fedha za umma kinyume cha sheria atailipa hasara hiyo, hata akiwa ameshaondoka madarakani.

Ndugu zangu, hayo si mapambo. Mwaka 2013 jopo la kuchunguza mashirika lilihesabu 262 na kupendekeza yabaki 187. Mwaka 2015 ukatolewa waraka wa maadili ya uendeshaji, ulioitwa kwa jina zuri la Kiswahili, Mwongozo, ingawa maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza. Lakini baada ya kila uchaguzi tuliendelea kuyaona katika Gazeti Rasmi majina ya wanasiasa walioshindwa kwenye kura wakipozwa kwa uenyekiti wa bodi. Wananchi walipokwenda mahakamani, mwaka 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha uteuzi wa wenyeviti na wajumbe wa bodi zaidi ya mia moja kwa kuwa haukufuata njia ya wazi na ya ushindani. Sheria nzuri iliandikwa mwaka 2010. Ilipata meno siku raia walipoishika wakaipeleka kortini.

FEDHA ZILIZO MADHABAHUNI

Sasa naomba ruhusa ya wachungaji niseme jambo lituguse sisi wenyewe.

Mtu wa kwetu akiteuliwa mkurugenzi, sisi hufanya nini? Huunda ujumbe wa wazee kwenda kushukuru. Huchinja ng'ombe. Hufanya ibada ya shukrani, na mhubiri husema kwamba Mungu ameikumbuka jamii yetu. Kisha twampa orodha: kijana huyu apate kazi, barabara ile iwekwe lami, paa la kanisa limalizike. Kwa matendo hayo tumekiri kwamba kiti ni zawadi, na kwamba zawadi huliwa. Siku atakapoulizwa kuhusu fedha, tutasema kwamba jamii yetu inaonewa.

Fikirieni pia harambee. Mkurugenzi ambaye mshahara wake wajulikana huja kanisani na kutoa kiasi kinachozidi mshahara wa mwaka. Twampigia makofi, twampa kipaza sauti, twamkalisha mbele. Hakuna aulizaye fedha hizo zilitoka wapi. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 iliwakataza maafisa kutumia vyeo vyao kushurutisha watu wachange, lakini sheria haiwezi kufanya kazi mahali ambapo kanisa lenyewe limenyosha mkono.

Lipo tendo la kuigwa. Novemba 2024 Jimbo Kuu la Kikatoliki la Nairobi lilikataa mchango wa fedha uliotolewa na Rais katika kanisa moja la mjini humo. Halikuwa jambo rahisi, na naamini wapo waumini waliosikitika kwa sababu ya jengo lao. Lakini kanisa lililopokea haliwezi kusimama siku ya pili na kuuliza. Maaskofu na wachungaji waliosimama dhidi ya chama kimoja katika miaka ya 1990 walisikilizwa kwa kuwa mikono yao ilikuwa mitupu.

TUFANYE NINI

Sitawaacha na maneno matupu. Nina mambo manne.

La kwanza, kila kikundi kilichowakilishwa hapa kichague shirika moja linaloigusa sehemu yake: la maji, la nafaka, la umeme, la dawa. Moja tu. Watafuteni majina ya mwenyekiti, mkurugenzi na wajumbe. Ulizeni nafasi zao zilitangazwa lini na walishindana na nani.

La pili, isomeni ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuhusu shirika hilo. Mkikosa maelezo, yaombeni kwa barua. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yampa kila raia haki hiyo, na ofisi ya umma yapaswa kujibu katika siku ishirini na moja. Mwalimu wa shule na mhasibu wa kanisa wakikaa pamoja jioni mbili watauelewa ukurasa wowote wa ripoti hiyo.

La tatu, mlindeni mfanyakazi mdogo anayekataa kutia sahihi ya uongo. Mara nyingi ni mshiriki wa kanisa lenu. Msimwache aje peke yake kwa wakili akitetemeka. Mtafutieni ushauri mapema, hifadhini nakala za barua zake, na akihamishwa au kufukuzwa msaidieni karo ya watoto. Kikundi kinachochanga kwa ajili ya mazishi chaweza kuchanga kwa ajili ya mtu aliye hai.

La nne, mwaka huu msimfanyie mkurugenzi yeyote ibada ya shukrani kwa kuteuliwa. Mngojeeni. Amalize muda wake, hesabu zake zikaguliwe, ndipo mkusanyike mshukuru, iwapo kuna la kushukuru. Wapo wakurugenzi waadilifu katika nchi hii, na wao ndio watakaoufurahia zaidi utaratibu huo, kwa maana leo hii kazi yao njema yahesabiwa sawa na ya wezi.

Bwana Mwenyekiti, niliuliza mkurugenzi ni wakili wa nani. Kwa sheria tuliyoiandika na kuipigia kura mwaka 2010, yeye ni wakili wetu, na sisi ndio tulio na haki ya kumwita atoe hesabu. Nawaomba mwanze kumwita, kwa barua, kwa jina lake, na mapema.